Nyingine: Taja

Mwaka 2004, nikiwa na miaka 24, nilifundishwa upya kuandika herufi A. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kukodi mjini Mtwara, wahojaji zaidi ya 20 wa utafiti wa afya, wengi wetu wa kidato cha nne, pamoja na wauguzi wawili wastaafu waliomzidi umri mama yangu. Mwalimu alichora ubaoni A isiyo na mstari wa katikati: panda, shuka, basi, kalamu isiinuke. Kisha akamgawia kila mmoja kimashine kinachoenea kiganjani na kijiti cha plastiki, akasema tuandike majina yetu. Ukumbi mzima ukanyamaza kama darasa la kwanza siku ya mtihani.

Kimashine kile kilikuwa Palm m130, kioo cha rangi, kumbukumbu ya MB 8. Sisi tulikiita pamu. Namna yake ya kuandika iliitwa Graffiti, na kila herufi ilitakiwa ikamilike kwa mvuto mmoja wa mkono. T ilikuwa kama tarakimu 7. F ilikuwa 7 iliyogeuka ikatazama upande wa pili. K ndiyo iliyotutoa jasho: ilichorwa kama samaki, unaanzia ncha ya juu ya mkia, unazunguka kichwa, unamalizia ncha ya chini ya mkia. Na kazi yetu yote ilikuwa ya K: kaya, kitongoji, kijiji, kata, kliniki, kikohozi, kuhara. Muuguzi mmojawapo, aliyeketi jirani yangu, jioni ile alichora samaki kwa kidole kwenye mchanga wa uwanja mpaka mkono ukazoea. Kesho yake alikuwa mwepesi kuliko sisi vijana.

Herufi ziliandikwa upande wa kushoto wa kisanduku kilichokuwa chini ya kioo, tarakimu upande wa kulia. Ukivuta mstari mmoja wima upande wa kulia unapata 1. Ukiuvuta kushoto unapata I. Kwa wiki nzima watoto wa Mtwara walikuwa na umri wa I.

Kazi ya karatasi nilikuwa naijua tayari. Mwaka 2001 nilizunguka na madodoso ya kurasa 14, begi mgongoni, nailoni juu yake kwa ajili ya mvua. Yalipojaa tuliyafunga kwa kamba kwenye maboksi, yakapakiwa kwenye gari la Dar es Salaam, yakavuka Rufiji kwa kivuko, maana Daraja la Mkapa lilikuwa halijafunguliwa. Lilifunguliwa Agosti 2003. Huko Dar, makarani wawili waliingiza kila dodoso mara mbili, kila mmoja kwa wakati wake, kisha kompyuta ikalinganisha. Palipotofautiana, karatasi ilitafutwa kwenye maboksi. Miezi ikapita. Nakumbuka barua iliyotufikia kuuliza kuhusu mtoto wa miaka mitatu aliyeandikwa kuwa ana watoto wawili. Mtoto huyo nilimhoji mama yake mimi mwenyewe, na kosa lilikuwa la mkono wangu: nilijaza mstari wa juu badala ya mstari wa chini. Kurudi kijijini kurekebisha hakukuwezekana tena. Mpaka leo sipendi kulikumbuka.

Pamu isingeniruhusu kufanya kosa lile, na ndiyo maana niliipenda tangu siku ya kwanza. Ukimwandika mtu kuwa mwanamume, maswali ya ujauzito hayakutokea kabisa. Ukiandika kwamba mtoto hana chandarua, mashine iliruka yenyewe mpaka swali la homa. Ukiandika uzito wa kilo 90 kwa mtoto wa mwaka mmoja, ilikataa kusonga mbele. Jioni tuliweka kila pamu kwenye kitako chake, tukabonyeza kitufe kimoja, na yote tuliyokusanya mchana yakahamia kwenye laptopu ya mtakwimu wetu. Kabla hatujala alikuwa anajua kaya gani imesahaulika, na asubuhi tulirudi nyumba ileile kabla wenyewe hawajaenda shamba.

Mtakwimu huyo ndiye aliyetusimulia asili ya pamu, usiku mmoja jenereta ya gesti ilipozimika. Kabla mashine ya kwanza haijatengenezwa, Jeff Hawkins wa kampuni ya Palm alichonga kipande cha mbao cha ukubwa wa mfuko wa shati, akatembea nacho kazini. Mtu akimwomba miadi, anatoa ubao, anajifanya anatazama kalenda, anagusa kwa kijiti. Alitaka kujua mtu anahitaji nini hasa akiwa amesimama. Ikatoka Pilot mwaka 1996, ya betri mbili ndogo, yenye vitufe vinne mbele: kalenda, anwani, mambo ya kufanya, na maandishi mafupi. Niliusikiliza mkasa ule nikiwa nimelala chali gizani, nikaupenda. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojiuliza: yule aliyezunguka na ubao alikuwa na miadi ya kupangwa na watu. Sisi tulikuwa na watu wa kusikilizwa.

Vijijini hatukupokelewa vivi hivi. Kimashine kidogo, mgeni amekishika, anauliza watoto wangapi wamezaliwa na wangapi wamekufa. Neno mumiani lilikuwa karibu sana na midomo ya watu. Kwenye kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde, mwenyekiti wa kitongoji alituweka chini ya mwembe akataka aelezwe kama kile kitu kinapiga picha ndani ya mwili. Muuguzi wetu mzee akamwamkia, akasogea, akamwomba ataje jina lake. Akaliandika polepole, herufi kwa herufi, mzee anaona. Jina lilipokamilika kwenye kioo, mwenyekiti alicheka, akaita wenzake waje walione. "Basi ni daftari," akasema. "Ni daftari la moto." Kuanzia hapo tulipita nyumba zote na mjumbe mbele yetu, hodi hodi.

Shida za kazi zilikuwa za kawaida. Jua la saa saba lilikifuta kioo kile cha rangi, ikabidi tuhojie kivulini mwa mikorosho. Vijiti vilipotea, tukavifunga kwa uzi wa kushonea. Sehemu ya kuandikia ilichubuka kwa mchanga, tukaibandika selotepu. Usiku tulikuwa na chaja 20 na soketi moja, tukapokezana mpaka alfajiri, kwa sababu kila mhojaji alijua: chaji ikiisha kabisa, kila kilichomo kinafutika. Vimashine vya wakati ule vilihifadhi mambo kwa nguvu ya betri. Kadi ndogo ya nakala ilikuwepo, lakini ilimtegemea mtu aliyekumbuka kuitumia.

Tarehe ndizo zilizotufundisha kwamba mashine na watu hawahesabu kwa namna moja. Pamu ilitaka siku, mwezi, mwaka. Mama anajibu kwamba mtoto alizaliwa korosho zikiwa bado mitini, baba yake hajauza hata gunia. Tulibeba kalenda ya matukio iliyochapwa kwenye karatasi: kifo cha Mwalimu Oktoba 1999, uchaguzi wa Oktoba 2000, sensa ya Agosti 2002, kufunguliwa kwa daraja Agosti 2003, pamoja na mifungo ya Ramadhani na misimu ya korosho. Kwa kalenda ile tulitembea na mama hatua kwa hatua. Mtoto alikuwa tumboni redio ilipotangaza msiba wa Mwalimu? Alikuwa ameanza kukaa? Tukifika kwenye mwezi, mimi na mama tunatazamana, tumekubaliana. Naingiza tarakimu mbili. Hadithi yote iliyotufikisha hapo, ya gunia la kwanza na ya bibi aliyemkata mtoto kitovu, inabaki uani.

Kwenye karatasi ilikuwa na mahali pa kukaa. Dodoso la mwaka 2001 lilikuwa na pambizo pana, na wahojaji tuliijaza: mama amelia hapa, mume amejibu badala yake, anasema kliniki inafungwa saa sita. Hakuna aliyetuagiza. Makarani wa Dar hawakuyaingiza kwenye kompyuta, lakini mtafiti akifungua boksi aliyakuta. Pamu haikuwa na pambizo. Ilikuwa na swali, majibu yenye visanduku, na mshale wa kwenda mbele.

Swali mojawapo liliuliza kwa nini mtoto hakupelekwa kliniki mwezi uliopita. Majibu yalikuwa manne: mbali, gharama, sikujua, nyingine, taja. Ukigusa "nyingine, taja", nafasi tupu ilifunguka ya kuandika kwa Graffiti, samaki baada ya samaki, jua linawaka, mtoto analia, na kaya nane zinakusubiri kabla ya jioni. Ukigusa "mbali", unasonga mbele. Nakiri kwamba niligusa "mbali" mara nyingi ambapo mama hakusema mbali. Na si mimi peke yangu. Hatukukaa tukapanga, mkono ulitafuta njia fupi wenyewe.

Aliyegundua ni mtakwimu. Siku ya tisa alituita baada ya chakula, akageuza laptopu tukatazama: katika kijiji ambacho zahanati iko katikati, karibu na msikiti, kina mama wengi wamejibu kwamba kliniki ni mbali. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Jamani, walisema nini?" Kukawa kimya. Kisha yule muuguzi akasema: walisema foleni ya maji. Uwanda wa Makonde uko juu na maji yako chini. Kisima kinafuatwa bondeni, na anayechelewa foleni ya alfajiri anarudi mchana. Siku ya kliniki na siku ya maji zilikuwa siku moja. Hakuna mama aliyeweza kuwa sehemu mbili.

Usiku uleule mtakwimu aliongeza jibu la tano, akalipeleka kwenye pamu zote kabla hatujalala. Hapo nitaisifu mashine kwa moyo wote, maana kwa karatasi kitu kama hicho kingesubiri uchapaji mwingine. Asubuhi nilianza kugusa "foleni ya maji" na mkono wangu haukuwa na aibu. Lakini kijiji kile tulikuwa tumekimaliza, na kurudi kote hakukuwezekana.

Kesho yake nilinunua daftari dukani, la kurasa 96, jalada lenye picha ya twiga. Nikalitia kwenye mfuko wa kitenge.

Siku chache baadaye niliketi na mama mmoja kwenye mkeka, kijiji sitakitaja. Alikuwa na umri wangu. Tulifika kwenye orodha ya watoto aliowazaa, wa kwanza mpaka wa mwisho, walio hai na waliokufa. Wa tatu, akasema, alikufa. Mashine ikauliza umri wake wakati wa kufa. Kama ni chini ya mwezi mmoja, andika siku. Siku tisa, akasema. Niliandika 9 upande wa kulia. Mshale ulikuwa unanisubiri, na sikuugusa, kwa sababu mama alikuwa hajamaliza. Alitazama mlango wa nyumba yake akaanza kueleza: mtoto aliacha kunyonya usiku; mume akaazima baiskeli ya jirani; wakafika zahanati alfajiri na mlango una kufuli. Mhudumu alikuwa amekwenda mjini kuchukua mshahara, kama ilivyokuwa kila mwisho wa mwezi, na usafiri wa kurudi ulikuwa wa siku ya pili. Walikaa barazani pa zahanati mpaka jua likawa kali. Mtoto alifia pale.

Wakati anasema, kioo kilizima. Pamu ilipangwa hivyo: dakika mbili bila kuguswa, inajizima ili kutunza chaji. Mafunzoni tulikuwa tumeambiwa tugonge kioo kila mara kisizime. Nilikiona kikizima na nikakiacha. Nilikiweka pembeni kwenye mkeka, kifudifudi. Nilipoona amenyamaza nilimwambia pole, mama, naye akasema ahsante mwanangu, ingawa tulikuwa rika moja. Kisha akaniuliza kama yameandikwa aliyoyasema. Sikuweza kumwambia kwamba kilichoandikwa ni 9. Nikatoa daftari, nikamwomba ruhusa, nikaandika mbele yake, yeye akinisahihisha: si usiku wa manane, ni jogoo wa kwanza, si baiskeli ya shemeji, ni ya jirani. Dodoso lile peke yake lilinichukua saa moja na nusu. Msimamizi wetu alisoma ukurasa ule jioni, akaandika barua kwa wakubwa wa afya wa wilaya kuhusu zahanati kufungwa tarehe za mshahara. Jibu la swali namba fulani lisingeweza kuandika barua hiyo.

Kazi ilipokwisha nilikuwa nimeizoea pamu kiasi kwamba vidole viliitafuta. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja aliyekuwa akirejea kwao aliniachia ya kwake, aina ya Zire, ambayo mpya iliuzwa dola 99 ilipotoka mwaka 2002. Ilikuwa na MB 2 tu, kioo kisicho na rangi, na mimi nilijiona tajiri. Niliweka kalenda ya kliniki za mwanangu. Niliweka namba za simu. Kwenye maandishi mafupi, ambayo kila moja lilikomea herufi 4,000 hivi, niliandika hesabu za upatu wetu, wanawake 12 wa mtaa mmoja, shilingi 5,000 kwa wiki: nani ametoa, nani amepokea, nani anadaiwa. Wenzangu walilipa, na mimi nagusa kwa kijiti. Sikuwa na kompyuta ya kuhamishia nakala, na sikulifikiria hilo.

Mama yangu alifariki mwaka uliofuata. Nilikwenda kijijini nikakaa wiki tatu na zaidi, na Zire ikabaki kwenye droo. Niliporudi na kuichaji, iliwaka ikaniomba niguse alama kwenye pembe za kioo, kama inavyomwomba mtu anayeifungua kwa mara ya kwanza. Haikuwa na jina hata moja. Nilijua sababu, kwani nilikuwa nimeifundisha kwa wengine: chaji ikiisha, kumbukumbu inakwenda nayo. Kosa lilikuwa langu kwa kutoacha nakala. Nilikaa kitandani nikashindwa hata kulia, maana zilikuwa fedha za watu.

Mwenyekiti wetu wa upatu aliponiona nimeinama alikwenda ndani akatoka na daftari la mistari, kona zimeliwa na mende. Kila wiki, baada ya mimi kugusa kioo, yeye alikuwa akirudi kwake na kuandika upya kwa kalamu. "Sikukudharau, mdogo wangu," akasema. "Niliona tu kitu hicho hakina ukurasa." Hakuna aliyepoteza hata shilingi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, na upatu ukahamia kwenye simu. Kampuni ya Hewlett-Packard iliinunua Palm mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikaacha kutengeneza vifaa hivyo. Mimi nilirudi kwenye tafiti nikiwa msimamizi, nikishika simu zenye programu ya ODK, inayotuma dodoso kwa mtandao likiwa bado la moto, inayopiga picha ya kadi ya kliniki, inayojua ulisimama wapi. Hakuna tena samaki wa kuchora, kuna kibodi. Lakini katika kila dodoso nililokabidhiwa nilitafuta kwanza ile nafasi ya "nyingine, taja", na mara nyingi niliikuta imefinywa, au imeondolewa kwa sababu inamsumbua mchambuzi.

Agosti 2022 sensa ilifanyika kwa vishikwambi kwa mara ya kwanza nchini. Karani aliyekuja kwangu alikuwa binti wa miaka kama ile niliyokuwa nayo Mtwara. Shikamoo, akaketi, akauliza vizuri, hakunikatiza. Kioo chake kilipoanza kufifia alikigusa kwa kidole gumba bila hata kukitazama. Niliyaona mafunzo yake katika kidole kile. Nilitamani kumweleza habari za mkeka na za kioo kilichozima, lakini alikuwa na kaya za kumaliza, nikamwachia aende.

Basi nawaambia ninyi mnaotunga madodoso. Sisi tulikuwa na MB 8 na kijiti, tukabana maneno ya watu kwa kukosa nafasi. Ninyi nafasi mnayo; kifaa mnachompa mhojaji kinaweza hata kurekodi sauti ya mama, akiridhia. Irudisheni "nyingine, taja", iwekeni juu, mlipeni mhojaji kwa muda anaoutumia kusikiliza, na mteue mtu wa kuyasoma yaliyoandikwa pale. Daftari langu la twiga bado ninalo. Kurasa 71 zimejaa, na mtafiti yeyote mwenye nia njema akiniomba nitamsomea, isipokuwa majina.